Krimu za Kikorea za Kuzuia Uzee: Lini Uchague Kiambato Laini, Lini Uchague Kikali

Ngozi nyeusi haizeeki kwa namna inayochorwa kwenye maboksi ya krimu. Picha za maboksini huonyesha mistari midogo pembeni mwa macho, lakini kwa mtu mweusi anayeishi Kampala, Mbale au Arua, kinachotangulia mara nyingi ni rangi. Mashavu yanapata mabaka, paji la uso linakuwa jeusi kuliko kidevu, kila chunusi inaacha doa. Mikunjo huja baadaye, kwa sababu melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, imekuwa ikiikinga ngozi kwa kiasi fulani dhidi ya jua.

Hapo ndipo hesabu ya kuchagua kiambato inapobadilika. Kiambato kikali kikibabua ngozi nyeupe, wekundu hupita baada ya siku chache. Kikibabua ngozi nyeusi, seli za rangi humwaga melanini pale palipoumia, na doa linalobaki huchukua miezi kufifia, wakati mwingine mwaka mzima. Mtu amenunua krimu ya kuondoa uzee, akatoka na alama nyingine ya uzee. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipi kinafanya kazi haraka, uliza ngozi yako inaweza kubeba kiasi gani bila kubabuka, kisha upande kutoka hapo polepole.

## Jua kwanza, krimu baadaye

Mstari wa Ikweta unakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, na Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya jua inayounguza huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana Kabale, ambako watu huvaa sweta mchana, ngozi hupata jua kali bila mwenyewe kuhisi joto lolote. Mawingu mepesi ya msimu wa mvua nayo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Retinoli (aina ya vitamini A) na asidi za kuchubua huacha ngozi ikiwa nyepesi kuumizwa na jua. Ukizitumia bila kinga, unatibu usiku na kuharibu mchana. Tafuta sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye SPF 50+ na alama PA++++. Namba ya SPF inahusu mionzi inayounguza ngozi juu. PA inahusu ile inayoingia ndani na kuvunja kolajeni (nyuzi zinazoishikilia ngozi), na hupenya hata kioo cha dirisha la takisi. Sanskrini za Kikorea zinapendwa kwa sababu nyingi ni nyepesi na hazing'ai mafuta, lakini zile zenye zinki nyingi huacha uso ukionekana umepakwa jivu. Kama shida yako kubwa ni mabaka, chukua yenye rangi ya ngozi ndani yake: oksidi za chuma zinazoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi huchochea mabaka na ambao sanskrini isiyo na rangi haiuzuii vizuri.

Kipimo kwa uso na shingo ni mistari miwili ya krimu iliyokamuliwa juu ya kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shinani mpaka nchani. Kuna njia rahisi ya kujikagua. Uso peke yake unahitaji kama gramu 1.2 kwa kila kupaka, hivyo chupa ya mililita 50 inatosha mara 40 hivi. Anayepaka asubuhi tu humaliza chupa ndani ya wiki sita. Kama yako imefika mwezi wa nne na bado inatoa, unapaka robo au theluthi ya kinachotakiwa, na ile 50 iliyoandikwa kwenye chupa haipo usoni mwako. Anayeshinda juani, awe muuza nyanya, bodaboda au mwalimu wa michezo, arudie kila baada ya saa mbili na avae kofia yenye ukingo mpana.

Pesa zikitosha kitu kimoja tu, nunua sanskrini. Na kama unajijua kwamba hutaipaka kila asubuhi, acha kabisa retinoli na asidi, ubaki na viambato laini.

## Kusoma boksi la Kikorea

Korea Kusini ina kundi la kisheria la vipodozi vyenye kazi maalumu. Ili krimu iruhusiwe kuandikwa kwamba inapunguza mikunjo, lazima ipitie kwa Wizara ya Usalama wa Chakula na Dawa ya nchi hiyo, na kuna viambato ambavyo kipimo chake kimekwisha kukubaliwa: adenosini asilimia 0.04, retinoli uniti 2,500 kwa gramu, retinili palmiteti uniti 10,000 kwa gramu. Kwa upande wa kung'arisha rangi, niasinamidi ni asilimia 2 hadi 5. Boksini tafuta herufi 주름개선, zinazomaanisha kupunguza mikunjo, au 미백, zinazohusu kung'arisha. Ukiona 기능성화장품, hilo ndilo jina la kundi lenyewe.

Sasa geuza zile uniti 2,500 za retinoli ziwe asilimia: ni karibu asilimia 0.075 tu. Mtu aliyezoea kusikia retinoli ya asilimia 1 ataona ni mzaha, lakini kiwango hicho kidogo ndicho kinachoifaa ngozi inayoanza. Hali kadhalika, adenosini ikionekana karibu na mwisho wa orodha ya viambato usidhani umepunjwa. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na vilivyo chini ya asilimia moja vinaweza kupangwa kwa utaratibu wowote. Adenosini inayofanya kazi ni kidogo sana tangu mwanzo. Mzizi wa ginsengi au ute wa konokono ni jambo jingine: vikitangazwa kwa maandishi makubwa mbele ya boksi halafu nyuma vikawa vya mwisho baada ya manukato, hapo unanunua jina.

## Viambato laini

Niasinamidi ndiyo ningeiweka mbele kwa ngozi nyingi za Uganda. Inazuia melanini isisafirishwe kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu, inaimarisha ukuta wa ngozi, inapunguza mafuta. Inatumika asubuhi na jioni, haiogopi jua, na mjamzito anaweza kuitumia. Asilimia 4 au 5 inatosha. Wauzaji husukuma ya asilimia 10 na zaidi kwa kuwa namba kubwa inauza, lakini kwa watu wengi hiyo huanza kuchonyota bila faida ya ziada ya maana. Ipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu.

Adenosini ni tulivu kuliko zote na karibu haimgombezi mtu. Inalainisha mistari midogo, taratibu. Peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, ziko hapo hapo: matokeo madogo, ngozi haiumii, bei mara nyingi kubwa kuliko kazi. Sentela, ambayo kwenye chupa huitwa pia cica, pamoja na pantenoli na seramidi, hazifuti mkunjo wowote; kazi yake ni kutuliza na kuziba ukuta wa ngozi, na ndizo zitakazokuwezesha baadaye kuvumilia retinoli.

Bakuchioli inastahili maneno zaidi. Inatokana na mmea uitwao Psoralea corylifolia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la madaktari wa ngozi wa Uingereza, watu 44 walitumia ama bakuchioli ya asilimia 0.5 mara mbili kwa siku au retinoli ya asilimia 0.5 mara moja, kwa wiki 12. Mikunjo na madoa yalipungua kwa makundi yote mawili bila tofauti kubwa, na waliopaka retinoli ndio waliolalamika zaidi juu ya ngozi kubanduka na kuchonyota. Ni utafiti mmoja wenye watu wachache, hautoshi kuitawaza bakuchioli, lakini unatosha kumpa njia mtu ambaye ngozi yake imekataa retinoli mara mbili tatu. Angalia kama chupa inataja asilimia. Isipotaja, huenda wameweka tone la kuandikia lebo.

Laini haimaanishi haina madhara. Propolisi ya nyuki, mafuta ya maua na manukato husababisha mzio kwa baadhi ya watu, na mzio nao huacha madoa. Jaribu kila kitu kipya ndani ya kiwiko, mahali padogo kama sarafu, mara mbili kwa siku kwa siku saba, kabla hakijafika usoni.

## Viambato vikali

Familia ya retinoli ndiyo yenye ushahidi mwingi kuliko yote kwa mikunjo. Ngozi huibadilisha hatua kwa hatua mpaka iwe asidi ya retinoiki, ambayo ndiyo hasa inayofanya kazi: kuharakisha seli kujibadilisha na kuchochea kolajeni. Kila hatua inayobaki hupunguza nguvu. Kwenye lebo, Retinyl Palmitate iko mbali zaidi, kwa hiyo ni dhaifu. Retinol iko katikati. Retinal, inayotofautiana nayo kwa herufi moja tu na ambayo wengi huichukua wakidhani ni retinoli, iko hatua moja tu kabla ya mwisho na ina nguvu zaidi kwa kipimo kilekile. Soma herufi ya pili kutoka mwisho. Tretinoini ni asidi ya retinoiki yenyewe. Hiyo ni dawa ya daktari na haichukuliwi famasi kwa maneno ya rafiki.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.3 ya retinoli kwa krimu za uso. Ni kigezo kizuri cha kujiwekea hata huku: anza na asilimia 0.1 au chini yake, na usifikirie 0.3 kabla ya miezi mitatu bila kuchonyotwa. Asilimia 1 mtu mwenye ngozi nyeusi anaweza kuishi maisha yake yote bila kuihitaji.

Mjamzito, anayetafuta mimba na anayenyonyesha wakae mbali na familia yote ya retinoli. Niasinamidi, vitamini C na asidi ya azelaiki zinawatosha.

Asidi za kuchubua ni za aina kadhaa. Ya glaikoliki ina molekuli ndogo, huingia haraka na huchonyota zaidi. Ya laktiki ni pole kidogo. Glukonolaktoni ni pole kuliko zote mbili, na ndiyo inayofaa kuanza nayo. Asidi ya salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2, inafaa ngozi ya mafuta yenye chunusi. Usinunue asidi ya glaikoliki inayozidi asilimia 10 kwa matumizi ya nyumbani. Mara moja kwa wiki inatosha, mbili ni mwisho.

Vitamini C safi, yaani asidi askobiki ya asilimia 10 hadi 20, hufanya kazi ikiwa katika hali ya asidi kali, ndiyo maana huchonyota. Joto na hewa huiua. Seramu iliyokuwa kama maji ikawa rangi ya chai ya rangi imekwisha, haijalishi umebakiza kiasi gani. Kwa mazingira yetu aina zilizotulizwa, kama askobili glukosaidi, hudumu zaidi na hazichomi.

Kuna fasheni mpya kutoka Korea ya krimu zenye vijisindano vidogo mno, vinavyotokana na sifongo wa majini, ambavyo huchoma ngozi ili viambato viingie. Unapoipaka unahisi mchomo kama umeshika upupu. Kwa ngozi inayoweka doa kwa kila kuumwa na mbu, hii ni hatari isiyo na sababu. Iache.

## Uchague kipi

Chini ya miaka 30, bila mikunjo, mwenye madoa ya chunusi tu: niasinamidi na sanskrini. Retinoli kwa ajili ya uzee haina kazi hapo bado.

Mama wa miaka 45 anayeshinda kibandani katika soko la Owino au kandokando ya barabara akiuza ndizi: niasinamidi, adenosini, krimu yenye seramidi, sanskrini na mwavuli. Retinoli ingemsaidia, ila jua la kutwa kila siku lingeila faida yote. Akiweza kupaka sanskrini mara tatu kwa siku bila kukosa, tuzungumze tena.

Mtu wa miaka hiyohiyo anayefanya kazi ofisini, ngozi haiwashi, hana ukurutu, sanskrini ni desturi yake: huyu ndiye ambaye retinoli inamfaa.

Ngozi yenye ukurutu, au inayochonyota hata kwa sabuni ya kawaida, ianze kwa mwezi mzima wa krimu ya seramidi na sentela tu. Ukiosha uso na baada ya dakika tano bila kupaka kitu haukakamai, ukuta umeanza kufunga, na hapo unaweza kujaribu bakuchioli.

Kundi la mwisho ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote: waliotumia mkorogo au krimu za kujichubua. Angalia vifundo vya vidole. Vikiwa vyeusi huku mkono mzima ukiwa mweupe, au mashavu yakionyesha vimishipa vyekundu na kuwaka moto juani, ngozi hiyo imekonda kwa steroidi kama klobetasoli au imeguswa na haidrokwinoni au zebaki. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinapatikana kwa kificho. Kwenye lebo zebaki hujificha kwa majina kama Calomel au Mercurous Chloride. Usiweke retinoli wala asidi juu ya ngozi hiyo, na usiache steroidi ghafla peke yako, kwa sababu uso unaweza kulipuka vipele na kuvimba. Nenda kliniki ya ngozi, Mulago au Mbarara kwa mfano, ukiwa na chupa zote ulizotumia, hata zile zisizo na lebo.

## Kuanza retinoli, wiki kwa wiki

Chagua wakati. Kama una kwanjula (sherehe ya utambulisho ya Waganda) au harusi ndani ya wiki sita, usianze sasa, maana wiki za mwanzo ndizo za kubanduka. Kiangazi cha Desemba hadi Februari chenye vumbi na hewa kavu pia si wakati mzuri. Ngozi imeshapauka tayari.

Kwa mwezi mmoja kabla, uwe na vitu vitatu tu: sabuni laini ya uso isiyoacha ngozi ikikwaruza, krimu ya unyevu, sanskrini. Weka kando sifongo ngumu, skrabu za sukari, na limau. Maji ya limau usoni yakikutana na jua huunguza kama moto, na doa lake ni la muda mrefu.

Usiku wa kwanza, osha uso, futa kwa kugusa, kisha subiri dakika 15 mpaka ukauke kabisa. Ngozi yenye majimaji huweza kunywa retinoli haraka na kuchonyotwa zaidi. Paka mafuta mazito ya mgando kwenye pembe za pua, pembe za mdomo na kwenye kope za chini; hapo ndipo retinoli hukusanyika na kubabua kwanza. Kisha paka tabaka jembamba la krimu ya unyevu usoni kote, subiri dakika chache, chukua retinoli kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, iweke nukta tano (paji, mashavu mawili, pua, kidevu), sambaza. Malizia na krimu ya unyevu tena. Punje mbili hazileti matokeo mara mbili. Zinaleta kubabuka mara mbili.

Wiki mbili za kwanza, usiku mmoja halafu siku tatu za kupumzika. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita, kila usiku wa tatu. Baada ya hapo, kama hakuna mchomo, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Wengi hubaki hapo daima na kupata wanachotaka. Hakuna ulazima wa kufika kila usiku. Usiku wa mapumziko ndio wa sentela, peptidi na seramidi. Niasinamidi unaweza kuiweka asubuhi zote.

Usiku wa retinoli usiweke asidi ya aina yoyote, wala vitamini C safi, wala dawa ya chunusi ya benzoili peroksaidi. Watu husoma ratiba ndefu za Kikorea za hatua kumi wakadhani hatua kumi ni viambato vikali kumi. Wakorea wenyewe nyingi ya hatua hizo ni maji, utelezi na unyevu tu.

Acha retinoli siku saba kabla ya kung'oa nyusi au ndevu za juu ya mdomo kwa nta, la sivyo nta itaondoka na ngozi. Wanaume wanaonyoa na wembe wasiipake usiku wa kuamkia siku ya kunyoa wala usiku unaofuata. Vipele vya ndevu vikibabuliwa na retinoli huweza kuacha madoa meusi shingoni.

Chunusi chache katika wiki nne hadi sita za mwanzo, pale ambapo hutoka siku zote, ni za kawaida na hupita. Usizitumbue. Kuwashwa, kuchonyota kunakoendelea zaidi ya dakika kumi, au vipele mahali ambapo hujawahi kuvipata ni dalili kwamba ngozi imekataa. Matokeo yenyewe: ngozi kuwa nyororo ndani ya wiki 12, mikunjo kupungua karibu na mwezi wa sita.

## Ikiharibika

Dalili ya kwanza mara nyingi si maumivu. Angalia kwenye kioo karibu na dirisha asubuhi: pembe za mdomo zinang'aa kama zimepakwa varnishi huku zimekakamaa, au maji ya kawaida yanachonyota unapoosha. Acha kila kitu siku hiyohiyo, pamoja na niasinamidi. Baki na maji, krimu isiyo na manukato na sanskrini kwa wiki mbili. Siagi ya shea ya Acholi na Lango, iitwayo kwao “moo yao”, inafaa sana usiku kwa ngozi kavu, mradi ni safi na haina harufu ya kuoza. Ya Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huyeyuka kiganjani kwa sekunde chache. Mwenye chunusi aiweke mahali palipobabuka tu.

Ukirudi, rudi kwa nusu ya ulichokuwa ukifanya. Ngozi ikikataa mara ya pili, hamia bakuchioli. Kope kuvimba, malengelenge au ngozi kutoa maji, hizo ni za kituo cha afya siku hiyohiyo.

Doa likishabaki, jizuie kulichubua. Niasinamidi, asidi ya azelaiki na sanskrini yenye rangi, miezi mitatu hadi sita.

## Kununua na kutunza

Tarehe za Kikorea huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 20250612 ni tarehe 12 Juni 2025. Kosa linalowapata wengi ni kuchanganya tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho. Ikifuatana na herufi 제조, ni siku ilipotengenezwa. Ikifuatana na 까지, ni mwisho wa kuitumia. Wapo waliotupa krimu mpya kwa kutojua hilo, na wapo waliouziwa iliyokufa. Ile picha ya kopo lililofunguka yenye 6M au 12M huhesabu miezi tangu siku unapolifungua, kwa hiyo andika tarehe hiyo chini ya chupa kwa kalamu ya wino.

Retinoli na vitamini C ziwe kwenye tyubu au chupa ya pampu isiyopitisha mwanga. Kopo la mdomo mpana linalochotwa na vidole ni baya kwa viambato hivi. Usinunue seramu iliyomiminwa kwenye vichupa visivyo na lebo, hata muuzaji akiapa. Huwezi kujua ndani kuna nini wala ilikaa juani muda gani. Krimu iliyopangwa kwenye meza ya barabarani mchana kutwa imeshapikwa.

Nyumbani, chini ya paa la bati lisilo na dari, rafu ya juu ni tanuri saa nane mchana. Weka chupa chini, sakafuni ndani ya boksi lake, karibu na mtungi wa maji mbali na dirisha. Mwenye friji aweke kwenye rafu ya mlangoni, sio karibu na barafu, kwa sababu seramu nyingi zikiganda hutengana na haziungani tena.